Kengele ya kamera getini: jinsi ya kuchagua itakayokufaa, kwa sisi wa Dodoma

Wakuu, hili swali limeulizwa sana mpaka nimeona niliandike mara moja. "Nataka zile kengele za kamera, mtu akibonyeza getini namuona kwenye simu, ninunue ya kampuni gani?" Kila anayeuliza anataka apewe jina la kampuni aende dukani. Majina yapo huko chini, ila usianze nayo. Hizi kengele nyingi zimetengenezwa kwa watu ambao mlango wao wa mbele uko hatua mbili kutoka sebuleni, sasa wewe nyumba yako iko ndani ya fensi, geti la chuma, na kutoka kwenye rauta mpaka getini ni mita kumi na tano au ishirini, viwanja vya Iyumbu na Njedengwa huko hata zaidi. Kengele nzuri kabisa ya Marekani ukiifunga kwenye geti la namna hiyo inageuka pambo. Kwa hiyo geti kwanza, umeme na vumbi vifuate, kampuni mwishoni.

Kabla hujatoka na hela, hakikisha unavyo hivi:

- Simu yako, na mtu wa kubaki ndani wakati wewe uko getini.
- Futi ya kupimia.
- Paswedi ya waifai, na pia paswedi ya kuingia kwenye rauta yenyewe (angalia kibandiko chini ya rauta, usipoikuta muulize aliyekufungia intaneti).
- Ujue geti lako linaangalia upande gani, jua linapochomoza au linapozama.
- Kama umepanga, ruhusa ya mwenye nyumba. Kutoboa nguzo ya geti la mtu bila kumwambia ni kutafuta notisi.
- Bajeti yenye nafasi. Mbali na kengele kuna memori kadi, kuna kile kibetri cha kuwasha rauta umeme ukikatika, kuna hela ya fundi. Watu wengi wanamalizia hela yote kwenye boksi la kengele halafu vingine vinasubiri mwisho wa mwezi.

Hatua ya 1: Pima waifai getini, geti likiwa limefungwa

Hii usiiruke hata kama huna muda. Nenda usimame nje ya geti, geti lifungwe kabisa, simama pale pale kengele itakapokaa na simu uishikilie kwenye kimo cha kifua huku ukiwa umeisogeza karibu na ukuta. Zima data ya simu ibaki waifai tu. Halafu mpigie video mtu aliyeko ndani muongee dakika tatu nne. Picha ikiganda au sauti ikikatika, basi na kengele nayo itaganda, tena zaidi, kwa sababu antena yake ni ndogo kuliko ya simu yako.

Ukitaka kupima kitaalamu kidogo weka aplikesheni ya WiFi Analyzer, inakupa namba ya nguvu ya waifai, yenye alama ya kutoa. Ikisoma -60 au karibu na sifuri zaidi, kama -50, uko vizuri. Ikifika -70 anza kuwa na wasiwasi, na ikiwa -80 sahau. Angalia namba ya masafa ya 2.4GHz, sio ya 5GHz, maana kengele nyingi zinashika 2.4 peke yake na hiyo 5 hata ikifika getini haikusaidii.

Geti la bati zito ndio adui mkubwa hapa. Chuma kinarudisha mawimbi, na tofali nene na nondo za kwenye nguzo nazo zinakula. Kama waifai haifiki una njia tatu: sogeza rauta kwenye chumba kinachoangalia geti, au funga kirusha waifai cha nje kwenye ukuta wa mbele wa nyumba na ukiunganishe na rauta kwa kebo, au vuta kebo ya mtandao mpaka getini. Vile virusha waifai vidogo vya kuchomeka kwenye soketi vinasaidia wakati mwingine lakini mimi sivipendi kwa kazi hii, vinapunguza spidi na umeme ukicheza vinajisahau.

Na kuna njia ya nne ambayo watu hawapendi kuisikia. Kama unachotaka ni kumuona mgeni na kumfungulia ukiwa ndani, na huhitaji kumuona ukiwa kazini Mtumba au safarini Dar, nunua intakom (kengele ya kuongea na kuonana na mgeni) ya waya yenye skrini ya ukutani. Haihitaji intaneti, haina malipo ya mwezi, nyingi zinaweza kuunganishwa na kufuli ya umeme ya geti. Nyumba nyingi za huku hii ingezitosha kabisa.

Ambao bado mnajenga, tafadhalini, kabla fundi hajapiga plasta fensi laza bomba la waya kutoka ndani mpaka kwenye nguzo ya geti na upitishe kebo moja ya mtandao aina ya Cat6. Kebo hiyo inabeba umeme na mtandao kwa pamoja mpaka mita 100 na utachagua kengele za aina yake, kampuni ya Reolink wanazo, na utakuwa umeachana na habari za waifai na kuchaji betri kwa mpigo. Bomba linagharimu kidogo sana sasa hivi kuliko kuja kubomoa baadaye.

Hatua ya 2: Amua kati ya betri na waya

Ya betri ni rahisi kufunga, haitegemei umeme wa Tanesco, na kwa mpangaji ndio inayofaa. Ila hiyo "miezi sita" iliyoandikwa kwenye boksi imepimwa sehemu tulivu, matukio machache kwa siku. Geti lako likitazama njia ya mtaa, watoto wa shule, bodaboda, mbuzi wa jirani wanaokuja kula maua ya fensi asubuhi na jioni, kila kinachopita kinaiamsha kamera na kila ikiamka inakula betri. Nimeona ya jamaa Ilazo inaisha chaji ndani ya wiki chache kwa ajili ya mbuzi tu. Ukinunua ya betri chukua ambayo betri inachomoka, unaingiza ndani kuchaji huku kengele imebaki ukutani. Zile ambazo inabidi uing'oe kengele nzima kila ukichaji, mara ya tatu utaiacha mezani.

Ya waya inakaa macho muda wote na inarekodi mapema zaidi. Lakini soma volti. Nyingi zinataka umeme mdogo kutoka kwenye transfoma, kati ya volti 8 na 24 hivi, nyingine zinatumia adapta ya USB. Usiunganishe kengele moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba wa volti 230, itaungua hapo hapo na unaweza kuumia. Kama huna uzoefu muite fundi umeme, na mwambie aweke transfoma ndani ya nyumba, sio juu ya nguzo kwenye mvua.

Kwa zile zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani: angalia kile kispika cha kuchomeka ndani kinacholia. Kama kimeandikwa 120V pekee usikichomeke huku. Kikiandikwa 100-240V ni sawa, tafuta kibadilisha plagi tu.

Hatua ya 3: Soma namba ya IP (daraja la kuzuia vumbi na maji), hasa tarakimu ya kwanza

Wauzaji watakwambia "hii haiingii maji mkuu". Sawa, lakini Dodoma mvua ni ya miezi michache, kama Desemba mpaka Aprili, vumbi ndio la mwaka mzima na kiangazi upepo ukianza unajua mwenyewe hali inavyokuwa. Kwenye namba ya IP tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP65 maana yake vumbi haliingii kabisa na maji ya kurushwa inayahimili. IP54 vumbi linaweza kuingia kidogo. Ukiona IPX4, hiyo X maana yake upande wa vumbi hawajakupa daraja lolote, na hiyo kwa mtu wa Nkuhungu kwenye barabara ya vumbi ni kujitakia. Tafuta yenye 6 mwanzoni.

Jua nalo. Kengele nyingi zimeandikwa zinafanya kazi mpaka nyuzi 45 au 50. Hewa ya Dodoma haifiki huko, ila boksi jeusi la plastiki lililopigwa na jua la magharibi saa tisa mchana linapata moto kuliko hewa, na betri za lithiamu hazipendi joto. Ukiweza chagua ya rangi nyeupe au kijivu, au tengeneza kikofia kidogo cha bati juu yake.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wengi hawalisemi. Kengele za betri nyingi zinagundua mtu kwa sensa ya joto, yaani zinasoma tofauti ya joto la mwili na joto la vitu vilivyo nyuma yake. Mchana wa Oktoba ukuta wa ng'ambo na barabara vikishapata moto, tofauti hiyo inakuwa ndogo na sensa inachelewa au haimuoni mtu kabisa. Jioni inarudi kuwa sawa. Kwa hiyo usikimbilie kuirudisha dukani kwa kuwa mchana imemkosa mtu wa maji, jaribu usiku kwanza. Na mtu anayekata mbele yake inamuona haraka kuliko anayekuja moja kwa moja.

Hatua ya 4: Picha

Usihangaike na "4K". 1080p inatosha kumtambua mtu aliyesimama getini, 2K ni nzuri zaidi. Cha muhimu ni umbo la picha: chukua inayoonyesha mtu kutoka kichwani mpaka miguuni, ili uone na mzigo aliouweka chini. Na kama geti linatazama mashariki au magharibi hakikisha ina HDR au WDR, bila hiyo jua likiwa nyuma ya mgeni utaona kivuli cheusi kinakusalimia.

Hatua ya 5: Jua video zinahifadhiwa wapi

Hapa ndipo pesa inapovuja. Kuna zinazohifadhi kwenye seva za kampuni kwa malipo ya mwezi, na kuna zinazohifadhi kwenye memori kadi au boksi lililoko ndani kwako.

Kengele za kampuni ya Ring kwa mfano, usipolipia utapata taarifa na utaangalia laivu lakini hutapata video ya kilichotokea jana. Nest za Google bila malipo zinakuwekea masaa machache tu. Malipo yanataka kadi ya benki inayokubali kulipia nje na ni kwa dola, mwezi ukisahau ndio mwezi ambao mwizi atakuja. Pia sio kila huduma imefunguliwa kwa Tanzania. Kabla ya kumuagiza ndugu, fungua Play Store kwa simu yako uone kama aplikesheni ya hiyo kengele inapatikana huku.

Kwa wengi wetu hifadhi ya nyumbani ndio inafaa, ila kuna mtego: kama memori kadi imekaa ndani ya kengele yenyewe, mwizi akiing'oa kengele ameondoka na ushahidi. Kengele ziko nje ya fensi, zinang'olewa. Tafuta ambayo video inatunzwa kwenye boksi la ndani ya nyumba. Kengele ya Tapo D230S1 inakuja na boksi la hivyo ambalo unaweka memori kadi, na kampuni ya Eufy nao wana za aina hiyo.

Memori kadi usinunue ya bei ya kutupa. Feki ni nyingi, imeandikwa 256GB kumbe ndani ni 8, ikijaa inaanza kuharibu video za zamani na wewe huna habari. Ijaribu kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta kabla ya kuiweka.

Hatua ya 6: Bando

Ukiangalia laivu kwa spidi ya 2Mbps ni kama MB 900 kwa saa. Video fupi ya sekunde 20 ni kama MB 5, zikitumwa 30 kwa siku inakuja GB 4.5 kwa mwezi. Kama una faiba huna wasiwasi, kama unatumia rauta ya laini piga hesabu. Na angalia spidi ya kupandisha, sio ya kushusha, maana kamera ndiyo inayotuma.

Hatua ya 7: Sasa kampuni

Hakuna kampuni isiyo na doa. Ring mwaka 2023 ilikubali kulipa dola milioni 5.8 Marekani baada ya kutuhumiwa kwamba wafanyakazi waliweza kuangalia video za wateja. Eufy mwishoni mwa 2022 ilikutwa inapeleka picha ndogo za matukio kwenye seva za mtandaoni wakati ilitangaza kila kitu kinabaki nyumbani. Hizi angalau zina jina la kulinda, zikikamatwa zinarekebisha.

Ninazokukataza ni zile za bei chee zenye majina yanayobadilika kila shehena. Februari 2024 shirika la Consumer Reports la Marekani lilionyesha kwamba kengele za Eken na ndugu zake, zinazotumia aplikesheni ya Aiwit, mtu baki aliweza kusimama mlangoni, akashikilia kitufe sekunde chache na kuihamishia kengele kwenye simu yake. Kampuni ilitoa apdeti baadaye, ila fikiria nyumba ngapi hazijaipata. Ukiwa dukani muulize muuzaji inatumia aplikesheni gani, halafu itafute kwenye Play Store pale pale: imeapdetiwa lini, watu wanalalamika nini. Ikiwa haijaguswa miaka miwili, mrudishie boksi lake na umsalimie.

Kwa maoni yangu, Tapo, Eufy, EZVIZ, Imou, Reolink, chagua humo kulingana na majibu yako ya hatua 1 mpaka 5. Ukiagiza Kariakoo ije kwa basi, mwambie muuzaji aiwashe na akurushie video ikiwaka na namba ya modeli ionekane, na mkubaliane warantii kwa maandishi kabla hujatuma hela.

Hatua ya 8: Kuifunga

1. Unganisha kila kitu ukiwa ndani kwanza, karibu na rauta. Weka apdeti, badilisha paswedi, washa uthibitisho wa hatua mbili.
2. Ishikilie getini kwa mkono au kwa selotepu nene, itumie siku nzima kabla ya kutoboa.
3. Kimo ni mita 1.2 mpaka 1.4 kutoka chini. Wengi wanaiweka juu sana wakiogopa watoto, halafu wanapata picha za kofia na vipara.
4. Ifunge kwenye nguzo ya tofali, sio kwenye bati la geti. Geti likigongwa na upepo kamera inatikisika na simu inalia usiku kucha.
5. Kama nguzo inatazama pembeni weka kabari chini ya kishikio ielekee anaposimama mgeni.
6. Ziba ukingo wa juu na wa pembeni kwa silikoni, wa chini uache wazi maji yatoke.

Usiielekeze kwenye geti au dirisha la jirani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na hata bila sheria ni ugomvi usio wa lazima. Kwenye setingi kuna sehemu ya kuziba maeneo, itumie. Mwambie na dada wa kazi kwamba inarekodi mpaka sauti.

Ikisumbua

*Haikubali kuunganishwa.* Tenganisha jina la waifai ya 2.4 na ya 5 kwenye rauta, washa lokesheni kwenye simu, zima data. Kama kengele imetoka Marekani ingia kwenye rauta uweke chaneli kati ya 1 na 11, kwa sababu za huko huwa haziioni chaneli 12 wala 13 ambazo rauta za huku zinaweza kujichagulia.

*Mgeni anabonyeza, simu inalia ameshaondoka.* Mara nyingi ni simu, sio kengele. Tecno, Infinix na Xiaomi zinaua aplikesheni zinazofanya kazi kwa nyuma ili kutunza chaji. Ingia setingi za betri, ipe hiyo aplikesheni ruhusa ya kufanya kazi bila kizuizi.

*Umeme ukikatika inakufa hata ya betri.* Kengele ni nzima, rauta ndio imezimika. Nunua kibetri cha rauta, soma kwanza adapta ya rauta yako ni volti 9 au 12 ndio uchague. Kama boksi la video nalo linatumia umeme, lipate kibetri na lenyewe.

*Usiku picha nyeupe tupu.* Taa ya infraredi inagonga ukuta wa pembeni au mbawa za nguzo na kurudi kwenye lenzi. Isogeze mbele au igeuze kidogo. Ikiwa ukungu ukungu, ni vumbi au utando wa buibui, futa kwa kitambaa laini chenye unyevu, usikwangue kavu, vumbi letu lina mchanga.

*Inalia ovyo.* Punguza eneo la kugundua liishie ukingo wa kiwanja chako, chagua "watu tu" kama ipo, mbuzi wapite kwa amani.

*Saa kwenye video si sahihi.* Weka ukanda wa GMT+3. Fanya hivi mapema, maana polisi wakitaka hiyo video utaanza kueleza kwa nini mwizi wa saa nane usiku ameandikwa saa kumi na moja jioni.